Utetezi wa Bwawa Tupu

Hapana kitu kilicho kigumu kukitetea mbele ya watu wenye kiu kama bwawa lisilo na maji. Najua hivyo kwa kuwa nimejaribu. Katika mkutano wa kijiji kimoja cha uwanda wa Ufipa, si mbali sana na mji wa Sumbawanga, nilisimama nikasema ya kwamba tuta la udongo lililokuwa likishauriwa kujengwa kukinga kijito cha mahali pale lingefaa tu kama litaachwa tupu siku zote za mwaka, isipokuwa zile chache za gharika. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huko mnakofundisha, mtu huchimba kisima ili asichote?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao, maana swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo wakati ule. Jibu nimekuja nalo sasa. Limechelewa, lakini tuta nalo halijajengwa.

Wako watakaouliza kwanza mwalimu wa lugha ana haki gani ya kutia mguu wake katika tope la wahandisi. Haki yangu ni kwamba ugomvi wenyewe ulianzia katika neno. Barua iliyosomwa mkutanoni ilisema "bwawa". Sasa, Mswahili akisikia "bwawa" huona nini? Huona maji yametuama, mayungiyungi juu yake, kambare ndani yake na ng'ombe ukingoni. Neno limekwisha kujaza kabla ya tone moja la mvua kuanguka. Lakini kitu kilichochorwa katika karatasi hakikuwa kitu cha kutuamisha maji. Kilikuwa kitu cha kuyachelewesha. Kilikuwa kizuizi cha udongo chenye tundu chini, ili maji ya siku zote yapite kama kwamba hapana kitu, na maji ya siku ya ghadhabu yazuiliwe, yasubiri, yatoke kidogo kidogo. Kukiita kitu hicho bwawa ni sawa na kumwita mlinzi wa mlango mgeni wa nyumba kwa sababu tu wote wawili husimama kizingitini. Watu walidanganywa na jina, wala sisemi walidanganywa kwa makusudi. Aliyeandika barua alilitafsiri neno la kigeni kwa neno la kwanza lililomjia, na kwa wepesi huo akawaahidi watu samaki.

Tuiangalie nchi yenyewe, kwa kuwa hoja bila nchi ni upepo. Uwanda wa Ufipa umekaa kama meza baina ya maziwa mawili. Mji wa Sumbawanga uko juu ya bahari kwa kiasi cha meta 1,800. Ziwa Rukwa, upande wa mashariki, liko chini yake kwa kiasi cha meta 1,000, na Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, liko chini kwa kiasi hicho hicho au kuzidi. Maji yaangukayo magharibi ya mgongo wa uwanda yana safari ya kwenda Tanganyika, na kutoka huko kwenda mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Yaangukayo mashariki hushuka Lyamba lya Mfipa na kuishia Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Nchi ya juu ni ya majani zaidi kuliko miti. Msitu mkubwa uliosalia ni ule wa milima ya Mbizi, ambako mbega wekundu wangali wakiruka. Mvua huanza Novemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni jua na baridi na upepo kwa nusu ya mwaka. Kwa hiyo mkulima wa Ufipa ana maadui wawili ambao hawakutani kamwe: Machi maji mengi mno, Septemba hapana maji. Si ajabu, basi, akitaka kumfunga adui wa kwanza ili amlishe wa pili. Wazo hilo halina ujinga wowote. Lina kasoro moja tu, na kasoro hiyo ni ya hesabu.

Tuchukue kijito cha mfano. Mvua inayokilisha na ianguke katika eneo la kilometa 4 za mraba. Ikinyesha milimita 60 katika alasiri moja, maji yaliyoanguka ni meta za ujazo 240,000. Tuseme ardhi inakunywa theluthi mbili, na theluthi moja, yaani 80,000, inashuka bondeni kwa muda wa saa mbili. Hayo ni meta za ujazo 11 kila sekunde katika mfereji ambao juzi mtoto aliuruka bila kulowa. Weka tuta lenye nafasi ya 80,000 na tundu la chini lipitishalo meta moja ya ujazo kwa sekunde. Gharika ya saa mbili imegeuka kijito cha saa 22. Kalavati la barabara halivunjiki, matofali mabichi yaliyoanikwa ng'ambo hayarudi kuwa udongo, na aliyelala karibu na ukingo huamka alipolala. Sasa ziba tundu lile ili upate maji ya kiangazi. Jaza bwawa robo tatu. Nafasi iliyobaki ni 20,000, nayo itajaa katika nusu saa. Baada ya nusu saa hiyo tuta haliko. Liko, lakini kama halipo. Tena ni baya kuliko kutokuwapo, kwa sababu watu wa chini wamekwisha kuambiwa kwamba wanalindwa, nao wamejenga.

Hapo ndipo msingi wa ugomvi wangu na wenzangu ulipo. Hawakatai hesabu, husema kwamba mvua kubwa namna hiyo ni ya mara moja katika miaka mingi, na kiu ni ya kila mwaka. Ni kweli. Lakini kiu ya kila mwaka ina dawa kumi, na mvua ya mara moja haina dawa ila nafasi tupu inayoingoja.

Udongo ni kitu kizuri cha kujengea maadamu maji yamekaa upande wake mmoja. Mfinyanzi ulioshindiliwa tabaka baada ya tabaka, ukiwa na unyevu wa kadiri, husimama miaka mia. Haustahimili jambo moja: maji kupita juu ya kichwa chake. Yakipita juu huanza kwa kukwangua mstari mdogo upande wa chini, kama ukucha. Mstari huwa mfereji, mfereji huwa korongo, na korongo likirudi nyuma mpaka kukata utosi wa tuta, yote yaliyokusanywa hutoka kwa pamoja. Ndiyo maana kila tuta hupewa njia ya pembeni ya kutolea maji yaliyozidi, ambayo mafundi wetu huiita utoro wa maji. Nalipenda sana jina hilo. Ni Kiswahili cha mtu aliyetazama akaona maji yanatoroka kama mtoto wa shule, na akaona vema kuyaachia njia ya kutoroka kuliko kuyasubiri yavunje ukuta. Laiti aliyeandika barua ya bwawa angekuwa na sikio kama la fundi huyo.

Sasa nitataja mji ulio mbali sana na Ufipa, kwa sababu mkasa wake unafanana na tunaloshauriana kuliko mkasa wowote niujuao. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, palikuwa na bwawa la udongo lililoitwa South Fork, lililokamilishwa mwaka 1853 kwa ajili ya kulisha mfereji wa mashua. Mfereji ukapitwa na wakati, bwawa likauzwa, na mmojawapo wa waliolimiliki akang'oa mabomba ya chuma ya kutolea maji chini akayauza kama chuma chakavu. Baadaye likanunuliwa na chama cha matajiri wa Pittsburgh, waliokuwa na haja ya mahali pa kuvulia samaki na kupunga upepo. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa miongoni mwa wanachama. Utosi wa tuta ukashushwa ili magari ya farasi yapishane. Katika utoro wa maji wakaweka vyuma vya wavu ili samaki wao wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua ya usiku kucha, takataka ziliziba wavu, maji yakapanda, yakapita juu ya utosi uliokwisha kushushwa. Chini ya bonde ulikuwako mji wa Johnstown, wa wafanya kazi wa viwanda vya chuma. Walikufa watu 2,209.

Tazama viungo vya mkasa huo. Bomba la chini liliondolewa, utosi ukapunguzwa, na utoro ukazibwa kwa ajili ya samaki. Hapana hata kimoja kilichofanywa na mtu mwovu. Kila kimoja kilikuwa jambo dogo la faida ndogo, na kila kimoja naweza kukiona katika kijito chetu bila kufumba macho: bomba litaibwa likatengenezwe majiko, tuta litakuwa njia ya mikokoteni ya ng'ombe, na wavuvi watazungushia utoro uzio wa matete. Na tazama zaidi nani alipata nini. Waliokula samaki walikaa juu, na waliokufa walikaa chini. Mkutanoni kwetu waliotaka bwawa lijae walikuwa hasa wenye mifugo na wenye mashamba ya juu. Wanaokaa chini ya mahali pa tuta ni wageni waliogawiwa viwanja vya mwisho, penye unyevu, ambapo wenyeji hawakutaka kujenga. Wengi wao hawakuja mkutanoni. Mama mmoja aliyekuja alikaa nyuma kabisa na hakuombwa kusema.

Wala haifai kudhani kwamba haya ni mambo ya karne ya 19 na ya ng'ambo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Nakuru, nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba la watu binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi. Watu wasiopungua 47 waliangamia, watoto wengi wakiwamo, nao walikuwa wakulima na vibarua waliokaa chini ya kilima. Bwawa lile lilikuwa limejaa, kama mabwawa yote ya mashamba yanavyotakiwa kuwa.

Kuna wanaosoma habari za Solai wakasema, basi, matuta yote yaachwe, maji yaende yapendako. Hao nao siwafuati. Nitawataja watu wa Dayton, katika jimbo la Ohio. Machi 1913 mafuriko yaliwaua huko watu zaidi ya 360. Waliobaki walichanga fedha zao wenyewe, wakamwajiri mhandisi Arthur Morgan, na kati ya 1918 na 1922 wakajenga matuta matano makubwa ya udongo katika mito iliyo juu ya mji. Kila tuta lina matundu chini, na matundu hayo hayana milango. Hayana gurudumu la kuzungusha, wala ufunguo, wala mtu wa kuitwa usiku. Mto hupita ndani yake siku zote. Ukifurika, tundu haliwezi kupitisha zaidi ya kiasi chake, na maji hujipanga nyuma ya tuta. Mvua ikikoma hujipunguza yenyewe. Nyuma ya matuta hayo watu hulima, ila hawaruhusiwi kujenga nyumba. Imepita zaidi ya miaka mia moja, matuta yangali matupu, na mji haujapata tena gharika ya namna ile. Nina hakika kwamba katika miaka hiyo mia hawakukosekana wenyeji waliopita hapo kiangazi wakasema, nafasi kubwa namna hii, mbona haina maji?

Kwa hiyo, katika mchoro ule wa kijito chetu, kilichonitisha hakikuwa tuta. Lilikuwa gurudumu dogo lililochorwa juu ya bomba. Bomba lilikuwa na mlango! Nilipouliza mlango ni wa nini, niliambiwa ni wa kufungia "ikibidi". Nauliza tena hapa: itambidi nani? Mlango ukiwapo utafungwa, kwa kuwa Mei inapoingia kila mtu mwenye ng'ombe anabidika. Utafungwa Mei, na Novemba atakayekumbuka kuufungua ni nani, hali kutu imeula na funguo ziko kwa mwenyekiti aliyekwenda mjini kwenye msiba? Tundu lisilo na mlango halihitaji kumwamini mtu, na mimi, ambaye nimekaa katika kamati nyingi, nasema hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Wako pia wenzangu wa chuo, wapenzi wa mambo ya asili, wanaodai kwamba Mfipa hahitaji tuta lolote la bondeni kwa kuwa anayo matuta yake ya zamani. Dai hili naliheshimu, kwani nusu yake ni kweli. Kilimo cha ntumba ni mojawapo ya akili kubwa za nchi hii. Mwisho wa masika mkulima huyapindua majani pamoja na udongo wake, akayafunika ndani ya tuta la mviringo, yakaoza humo; juu yake hupanda maharage. Msimu unaofuata huyabomoa matuta na kuusambaza udongo uliokwisha kunona, akapanda ulezi au mahindi. Shamba la ntumba likitazamwa kutoka kilimani ni maelfu ya mabwawa madogo, kila moja limeshika maji ya miguu yake. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea, mistari yake mirefu, hasa ile iliyopigwa kuteremka mlima, iliyapa maji barabara. Hayo yote nakubali. Lakini ntumba hubomolewa mwanzo wa mvua, na mvua ya Novemba hukuta udongo uliolegea. Na mwezi Machi ardhi iliyokwisha kushiba hainywi tena, iwe ya matuta au isiwe. Ntumba huzuia mvua tisa. Mimi nasema habari ya ile ya kumi.

Hata hivyo, asiyeujali mlima asijenge bondeni. Bwawa la Ikowa, upande wa mashariki wa Dodoma, lilijengwa mwaka 1957. Wataalamu wa Dar es Salaam na Uppsala walipolipima miaka kumi na zaidi baadaye, pamoja na mabwawa mengine ya jirani, waliona matope yakiila nafasi yake mwaka kwa mwaka, na umri wa mabwawa hayo wakauhesabu kwa miongo tu. Matope hayo yalikuwa mashamba ya watu. Na huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, mvua ya saa chache ya Februari 1970 iliporomosha vilima mahali zaidi ya 1,000; karibu kote ilikuwa ni katika mashamba na majani, na si hata sehemu moja katika mia iliyoanzia penye miti. Tuta tupu lenyewe lina nafuu hapa: maji yanayopita haraka huondoka na sehemu kubwa ya tope lake, hali maji yaliyotuama huliacha lizame. Lakini nafuu si kinga. Msitu wa Mbizi ukiisha, hapana urefu wa tuta utakaotosha.

Tena kazi hiyo ya mlimani isifanywe kwa amri. Uluguru hiyo hiyo, baada ya 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Pengine ilikuwa sawa juu ya udongo, lakini ilikosa juu ya watu, na mwaka 1955 ikapata machafuko badala ya ngazi.

Hoja moja imebaki, nayo hunenwa kwa sauti ya chini. Sumbawanga, kwa masimulizi ya jina lake, ni mji uliomwamuru mtu atupe uchawi wake kabla ya kuingia. Pamoja na hayo, gharika ikichukua nyumba, haichukui muda mtu kutajwa. Na asiyetaja mchawi hutaja Mungu, akimaanisha kwamba hapana wa kuulizwa. Mimi ni mtu wa dini, na siwezi kukubali Muumba abebeshwe tundu lililozibwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazo bodi za mabonde. Uwanda wa Ufipa umegawanyika baina ya mbili, ya Rukwa na ya Tanganyika, na kila kijito kina bodi yake. Pa kuuliza papo. Lakini kuuliza ni kwa maneno, na mkulima hawezi kuuliza habari ya unene wa utosi, wala ya maji yanayochujika kando ya bomba, wala ya mashimo ya fuko na mchwa tumboni mwa tuta, ikiwa taarifa yote imeandikwa Kiingereza na yeye amesomewa neno moja tu, "bwawa". Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Natumaini siku moja kitakuwa lugha ya michoro pia.

Sasa nimrudie mzee wangu na kisima chake. Mzee wangu, mtu hachimbi kisima ili asichote. Lakini nyumba yako ina mlango, na upana wa mlango ule hujaujaza magunia, ijapokuwa ghala limekuwa dogo. Kiu ya ng'ombe wako ni ya kweli, nayo itafutiwe dawa yake mbali na mkondo: lambo lichimbwe pembeni, juu zaidi, lijazwe kwa mchirizi mdogo utolewao kijitoni, ili likipasuka liwe limepasuka peke yake. Visima vifupi vichimbwe ukingoni mwa bonde. Mabati ya shule na ya kanisa yavunwe maji, kwani yote mawili ni mapana na hayana hata mfereji mmoja. Nyuma ya tuta, pale patakapokuwa patupu, kata majani, panda maharage ya kiangazi, funga ndama. Ila nyumba usijenge, na gurudumu lile lifutwe katika mchoro kabla ya fundi kuliona.

Mkutano mwingine umeitishwa baada ya mavuno. Nimeomba ufanyiwe chini, upande wa viwanja vipya, chini ya mahali litakapokaa tuta, ili mama yule aliyekaa nyuma awe mwenyeji na sisi tuwe wageni wake.